Rili ya Tatu Sikuitazama

Wajukuu wa ndugu zangu, nyinyi wa Kiuu na wa Githurai 45, nawaona mnavyohukumu filamu. Mtu anashika simu, anatazama dakika mbili, anasukuma kwa kidole, halafu ananiambia, "Guka, hii ni mbaya, haina stori." Sibishani naye. Nyinyi mna haraka na mimi nina magoti mabaya. Ila nataka mjue kwamba kabla ya hao madijei wenu wanaopiga kelele juu ya filamu wakiitafsiri, tulikuwepo sisi. Mimi nilihukumu filamu kwa kalamu na fomu, huku Thika na Ruiru, miaka ya hamsini, na hukumu moja niliyoandika ndiyo iliyonifanya nizeeke peke yangu hapa Gatuanyaga na mbuzi wanne.

Ofisi yetu ilikuwa Thika, nyuma ya maduka, na ilikuwa na magari mawili ya sinema. Gari lilibeba mashine ya kuonyeshea, jenereta, kitambaa cheupe, kipaza sauti na masanduku ya bati yenye rili. Rili ni lile gurudumu linalozungushiwa mkanda wa filamu. Filamu fupi ilikuwa rili moja, ndefu tatu au nne. Tulizunguka mashamba ya kahawa na ya mkonge, toka Ruiru mpaka ng'ambo ya Thika. Mimi nilikuwa msimulizi. Filamu nyingi zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo sauti yake ilipunguzwa, nami nikasimama kando ya kitambaa na maiki nikiwaeleza watu kinachoendelea, kwa Kiswahili mashambani, kwa Kikuyu vijijini. Tukirudi ofisini nilijaza fomu yenye sehemu mbili: Nguvu ya filamu, na Udhaifu wa filamu. Mzungu aliyesimamia ofisi, tuliyemwita Bwana tu, alisoma fomu hizo na kuamua filamu ipi iendelee kuzunguka na ipi irudishwe ilikotoka.

Msidhani ilikuwa usiku chini ya nyota. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, na jua likitua kila mtu alitakiwa awe ndani. Tulionyesha saa tisa alasiri, ndani ya ghala la kahawa, madirisha yamezibwa kwa magunia. Joto la humo, wacha tu. Upepo ukivuta gunia moja likaanguka, jua linaingia, farasi wote wanafutika kwenye kitambaa, na watu mia mbili wanapiga kelele, "Gunia! Gunia!" Siku moja nikaandika kwenye fomu, chini ya Udhaifu, "gunia". Bwana akaniuliza hiyo ni filamu gani.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Nzioka, dereva wa gari na fundi wa mashine, Mkamba wa huku huku Gatuanyaga, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na mitano. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimekodolea macho kitambaa.

"Wewe Ndegwa, unaangalia nini hapo?"

"Filamu."

"Filamu itakuambia nini? Geuka. Angalia watu."

Basi nikageuka, na nikafanya kazi hiyo miaka mingi nikiwa nimeipa picha mgongo, nikiibia jicho moja tu la kuniwezesha kusimulia. Nzioka alinionyesha alama zake. Mama mwenye mtoto mgongoni, mtoto akilia naye asimtikise, hiyo filamu ina nguvu. Wazee wakianza kukohoa mmoja baada ya mwingine, filamu imelala. Vijana wakitazama mashine badala ya kitambaa, imekufa kabisa. Miguu husema kuliko uso, kwa sababu uso mtu anaweza kuutengeneza akijua msimulizi wa serikali anamtazama, lakini vidole vya miguu vikijikunja mavumbini havidanganyi.

Filamu za farasi na bastola zilikuwa na nguvu ya mwendo. Hata nikinyamaza, watu walielewa. Udhaifu wake ulikuwa kufa. Jumatatu moja, kwenye shamba la kahawa hapo Ruiru, tulionyesha filamu ambayo mwizi wa ng'ombe alipigwa risasi akazikwa. Alhamisi tukarudi na filamu nyingine, na yule yule mwizi akatokea ameketi mezani anakunywa chai. Mchumaji mmoja akasimama. "Ngoja, ngoja. Huyu tulimzika Jumatatu!" Nilikuwa mgeni kazini, nikaogopa kueleza habari ya waigizaji, nikasema kwenye maiki kwamba huyu ni ndugu yake. Basi. Tangu siku hiyo shamba lile likawa linataka kujua huyu ndugu atalipiza kisasi lini. Wiki tatu nikawa natunga ukoo. Nikampa mwizi yule binamu, shemeji, na mjomba kipofu. Nzioka alicheka mpaka akakaa kwenye tairi, kisha akanitazama akiwa hacheki tena, akasema, "Ndegwa, wewe ukibanwa unakimbilia ukoo. Acha hiyo tabia. Filamu ina mwisho wake, na wewe huujui."

Vichekesho nilidhani ni rahisi. Mtu anateleza, watu wanacheka. Lakini filamu moja ilikuwa na watu wawili wanaorushiana mikate na maziwa, na kina mama wa shamba la mkonge wakanyamaza kimya, wote, mikono mapajani. Mmoja aliniambia nje, "Hao watu hawana wazazi?" Nikajifunza kwamba kichekesho kinachomwaga chakula hakiendi mbali hapa kwetu. Filamu za Kihindi nazo hata mimi sikuzielewa neno moja, na zilikuwa ndefu, na nyimbo zikianza Nzioka alitoka kwenda kuvuta sigara. Lakini kukiwa na mama mle ndani anayemngoja mwanawe, ghala zima lilikuwa linapenga kamasi. Hizo nilizisimulia kwa sentensi chache: huyu ni mama, anangoja. Yatosha.

Za kilimo ndizo zilizonichosha. Bwana alizipenda. Ilikuwepo moja ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na tuliipeleka vijijini ambako watu walikuwa wameamrishwa kuchimba matuta hayo hayo tangu alfajiri. Wanatoka kuyachimba, wanafungiwa ndani kuyatazama. Niliandika, "Udhaifu: wameshaiona asubuhi." Bwana hakucheka.

Na za vita. Nataka niwaambie ukweli wote, kwa hiyo na hili nalisema. Tulionyesha filamu ya vita katika kijiji kimoja kilichozungushiwa uzio na handaki, vile vijiji ambavyo watu walihamishiwa kwa lazima. Bunduki zilipolia kwenye kipaza sauti, nusu ya watu walilala chini. Mimi, nikiwa na maiki mkononi, nikacheka. Kicheko changu kikatoka kikubwa kuliko bunduki. Walipoinuka, wakijipangusa, walinitazama, na hakuna aliyenisalimu nilipokuwa nakunja kitambaa. Mzee mmoja aliyekuwa askari huko Burma ndiye pekee aliyesema kitu. Alisema, "Yule wa kwenye filamu hajawahi kupigwa risasi, na wewe pia."

Ndivyo nilivyoishi. Mashambani watu walinipigia makofi, lakini chakula kikiiva waliketi kikundi kikundi na mimi nikala na Nzioka nyuma ya gari. Vijijini waliniogopa, kwa sababu gari lililonileta lilikuwa la watu waliochimbisha handaki. Sauti yangu ilijulikana toka Ruiru hadi Thika, na hakukuwa na nyumba hata moja katikati hapo ambapo ningebisha hodi nipewe kiti. Nilikuwa mpweke, wajukuu. Sina neno lingine la kuupamba upweke huo.

Nyumbani nilikuwa na Nyokabi. Tulioana kabla mambo hayajaharibika, tukapanga chumba Thika. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache na kicheko cha ghafla, na jioni nikirudi alitaka nimsimulie filamu ya siku hiyo kuanzia mwanzo, yeye akimenya viazi. Nilikuwa msimulizi bora mle chumbani kuliko mahali pengine popote. Sikutunga kitu. Nikisahau sehemu alijua, akasema, "Umeruka."

Msako wa askari ulipofika mtaa wetu nilikuwa safarini siku sita ng'ambo ya Thika. Wanawake wasiokuwa na kibali cha kukaa mjini walipakiwa kwenye lori wakarudishwa kwao. Nyokabi aliwaambia mume wake ni wa gari la sinema. Wakamwambia amwite basi. Nilirudi nikakuta chumba kimefungwa kwa waya na viazi vimeota.

Alikuwa kwa mama yake, katika kijiji chenye uzio huko juu ya Ruiru. Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mtu wa heshima na wa kanisa, na alituma neno kwamba hamrudishi binti yake kwa mwanamume anayemwacha ndani ya chumba kama sanduku. Hakukosea. Nilitakiwa kupata vitu viwili: kibali cha Nyokabi kukaa Thika, na ndiyo ya mama yake. Bila hivyo viwili sikuwa na mke.

Sasa lazima niwaeleze jambo la wakwe, maana nyinyi mnakaa na wakwe zenu kwenye kochi moja mkitazama watu wakibusiana. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake walikuwa na haya kubwa baina yao. Hamwongei mambo ya kitanda, hamtaniani, akija huku unapita kule. Na kwenye kijiji ambako kila mtu ni mkwe wa mwenzake, filamu yenye watu wanaokumbatiana ilikuwa janga. Mara ya kwanza niliona watu arobaini wakisimama kwa pamoja wakatoka, kimya, na nikaandika kwamba filamu ni mbovu. Filamu ile ile shambani, ambako wafanyakazi walitoka sehemu mbalimbali na hakuna aliyemwoa binti wa mwenzake, iliangaliwa hadi mwisho kwa vifijo. Ikanichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nahukumu viti. Nikabuni njia yangu: kina mama wakubwa nyuma kabisa upande wa kushoto, vijana waliooa mbele upande wa kulia, kitambaa nikakigeuza kidogo pembeni, ili mtu asiweze kumwona mkwewe bila kugeuza shingo. Watu wakabaki kwenye viti. Bwana alishangaa, akaniandikia barua ya sifa. Nilijiona mtu mkubwa.

Siku moja akaniita ofisini. Filamu mpya imefika, rili tatu, habari ya kijana na msichana na treni. Ataka kuipeleka vijijini, ilainishe watu mioyo, alisema. Niitazame yote kwanza, nitoe hukumu. Nikakaa na Nzioka, tukatazama rili ya kwanza. Kijana na msichana wanatembea, wanacheka, wanalisha kuku. Rili ya pili, wanaachana kituoni, yeye anapanda treni, msichana anabaki. Hawakugusana hata kidole. Walikuwa wanaongea Kiingereza cha haraka cha puani ambacho nilikishika nusu. Nikatazama saa. Ofisi ya vibali ilikuwa inafungwa saa kumi, na siku hiyo ndiyo niliyoambiwa nirudi kuchukua kibali cha Nyokabi.

"Rili ya tatu bado," Nzioka akasema.

"Nimeshaijua. Atarudi. Watapeana mkono."

Nikaandika: "Nguvu: inafaa mzee na mtoto. Udhaifu: hakuna." Nikaweka sahihi, nikakimbia. Kibali nikakipata. Siku tatu baadaye Bwana akatangaza kijiji cha kuanzia, na kilikuwa kile cha juu ya Ruiru. Nikaona Mungu amenikumbuka. Nikampelekea Nyokabi neno kupitia kwa mwanamke wa sokoni: nakuja na gari, nina karatasi mfukoni, nitamwona mama.

Tulionyesha ndani ya darasa refu la udongo. Bwana alikuja mwenyewe, akaketi nyuma karibu na mashine. Nikaanza kupanga watu kwa njia yangu, kina mama nyuma, na nilipogeuka, benchi ya kwanza, hatua nne kutoka nilipowekewa maiki, wameketi Nyokabi na mama yake. Nyokabi alikuwa amemleta mapema. Baadaye nilielewa kwa nini. Alitaka mama yake anisikie ninavyoongea, kwa sababu nilipoongea ndipo nilipokuwa mtu. Niliwahamisha mama wakwe wa kijiji kizima siku ile, wajukuu, lakini wa kwangu nisingeweza hata kumwonyesha kidole.

Nzioka akawasha. Kijana na msichana wakatokea wanacheka. Nikafungua mdomo kusema kwamba hawa ni wapenzi, na macho ya mama mkwe yakawa juu yangu, si kwenye kitambaa. Nikashindwa. Nikasikia sauti yangu kwenye kipaza sauti ikisema, "Huyu ni kaka, na huyu ni dada yake. Wazazi wao wamefariki."

Nzioka alinyanyua kichwa nyuma ya mashine. Mimi nikaendelea. Na niwaambie, sijawahi kusimulia vizuri vile. Niliwapa mayatima wale shamba dogo, kuku watatu, mjomba mkorofi. Walipoachana kituoni nilifanya msichana amsihi kaka yake asimsahau, na kina mama wakalia. Mama mkwe wangu aliinama mbele. Alitoa ncha ya shuka yake akafuta jicho. Nyokabi alinitazama na kile kicheko chake kikiwa karibu kutoka. Niligusa mfuko wenye kibali. Moyoni nikasema, leo naenda na mke wangu.

Nzioka akaweka rili ya tatu.

Treni ikaingia. Kijana akashuka. Msichana akamwona, akakimbia, na wakakumbatiana, wakabusiana mdomoni, na wale watu hawakuachana. Picha ilikuwa kubwa, nyuso mbili kitambaa kizima. Kisha mzee mmoja upande wa kulia akauliza polepole, kama mtu anayetaka tu kuelewa, "Na dada yake?"

"Ngai!" mwanamke akapiga kelele nyuma. Watu wakaanza kusimama. Nikashika maiki kwa mikono miwili nikasema wazungu husalimiana hivyo. Hawakuachana. Nikasema, jamani, si dada wa tumbo moja, ni binti wa baba yake mdogo. Ikawa mbaya mara mbili. Mzee aliyeuliza akatema mate chini, akatoka. Mama mkwe wangu alisimama, akajifunika shuka kichwani mpaka macho, akasema, "Nyokabi, twende," na kijiji kikatoka nyuma yake kama watu wanaotoka mazishini. Nzioka akazima mashine katikati.

"Kwa nini watu nakwenda?" Bwana akauliza. "Maneno gani? Wewe naandika hakuna udhaifu!"

Sikumwambia. Hapo ndipo penye kosa langu, zaidi ya pale kwenye maiki. Angejua kwamba nilitunga uongo na kwamba rili ya tatu sikuitazama, ningefukuzwa, na kibali cha Nyokabi kilitegemea kazi yangu. Jioni ile ofisini nikajaza fomu mpya: "Udhaifu: filamu inavunja heshima za watu. Isionyeshwe tena popote." Nikaweka sahihi. Nikaibebesha filamu mzigo wangu. Nzioka aliisoma akichungulia begani kwangu, akavaa kofia yake, akatoka bila kuniaga.

Jumapili yake nilikwenda kijijini kwa miguu toka Ruiru, bila gari. Askari wa lango akaniruhusu. Mama mkwe alinipokea kwa adabu yote. Alinipa kiti, akanipa uji kwenye kibuyu, akauliza habari za mvua upande wa Thika. Kisha akatazama ukutani, akasema, "Kunywa uji, jioni inakuja," na nikaelewa kwamba hayo ndiyo yote atakayoniambia. Kibali kilibaki mfukoni.

Nyokabi alinisindikiza hadi langoni. Karibu na uzio akasimama.

"Kwa nini hukusema ni bwana na bibi yake?"

"Niliona haya. Mama alikuwa hapo mbele."

"Mama alikuwa na bwana. Anajua bwana akitoka mbali anashika bibi yake. Angeangalia chini kidogo, iishe. Mimi nilimleta asikie hiyo. Mtu ameenda na treni, akarudi kuchukua wake." Aling'oa jani kwenye ua akalikunja. "Kwani kwa ukweli walikuwa nani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikutazama rili ya mwisho. Nilienda kuchukua kibali chako."

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Akasema, "Na mwisho? Walikaa pamoja ama aliondoka tena?"

"Sijui, Nyokabi."

"Basi uende uangalie. Ukishajua, ukuje uniambie. Mimi nitangoja." Askari akapiga kengele ya kufunga lango. Nikatoka.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya mtu yeyote. Rafu ya masanduku ilikuwa na pengo. Filamu ile ilikuwa imepelekwa stesheni Jumamosi, irudi ilikotoka, na karatasi iliyoiondoa ilikuwa imepachikwa kwenye msumari, sahihi yangu chini. Nikamuuliza Bwana inaishaje. Akasema hajui, yeye husoma fomu tu. Nikamuuliza Nzioka, nikamweleza alichotaka Nyokabi.

"Ningeiacha iende mpaka mwisho, ningekuambia," akasema. "Nilizima kabla. Ndegwa, sikiliza. Enda tu. Mwambie chochote. Bibi yako hakuulizi mambo ya filamu."

Nilimsikia. Maneno yaliingia vizuri sikioni. Lakini nilikuwa nimeapa kutotunga tena, na kwa ubishi wa kijana mjinga nikataka jibu la kweli. Nikaandika barua Nairobi kuulizia filamu ile. Nikaandika nyingine. Kila wiki niliyongoja, haya ikazidi, na haya ikizidi miguu inakuwa mizito. Mvua za masika zikaja zikaisha. Niliendelea kusimama kando ya kitambaa nikipima vidole vya miguu ya watu wengine, nikiandika nguvu na udhaifu, na kila filamu niliyopewa tangu hapo niliitazama hadi herufi za mwisho, peke yangu, hata zile za matuta. Mkitaka ushauri wa kazi kutoka kwangu, ni huo tu. Mwingine sina.

Amri zilipoanza kulegezwa na uzio ukafunguliwa upande mmoja, nilikwenda. Njiani toka Ruiru niliamua kuvunja kiapo changu. Nilitunga, hatua kwa hatua, na nikarekebisha, na nilipofika penye handaki nilikuwa na mwisho mzuri kuliko wowote niliowahi kuusimulia kwa maiki.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa na kufuli ya mtu mwingine. Jirani, mama wa makamo, alikuwa anapalilia maharagwe ubavuni. Alinitambua kwa sauti kabla hajaniangalia. Akasema wameondoka mwezi uliopita, mama na binti, kwenda kwa mjomba wao mbali huko Nyandarua, na kuna mtu wa huko aliyekuja kuzungumza na mjomba habari za Nyokabi. Akasema Nyokabi alikuwa na tabia ya kuuliza watu wanaotoka sokoni kama wameona gari la sinema.

Nilisimama pale na mikono mitupu. Yule mama akaniuliza nilikuwa nataka kumwambia nini, labda amtumie neno siku moja. Basi nikamwambia. Nikamwambia walikuwa bwana na bibi yake. Kwamba alichelewa kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya woga, kwamba treni ilimleta, kwamba bibi yake alimkuta kituoni na wakaenda nyumbani na hakuondoka tena. Nilimsimulia kila kitu, mpaka kuku.

Alinisikiliza hadi mwisho ameegemea jembe. Akasema hiyo ni filamu nzuri, ya watu wenye heshima, kisha akaendelea kupalilia maharagwe yake.